Matone ya Jicho, Mkamwana na Rangi za Mathura

Nimeona niandike maana mdomo umechoka. Tangu nirudi kutoka India, kila anayepita hapa Kerende anavuta kigoda, anaulizia safari, na nikimaliza anaenda kuwaeleza wenzake mambo ambayo mimi sikumwambia. Juzi nilisikia mnadani kwamba Wahindi walinipaka rangi wakanibadilisha dini. Mwingine anasema nilipigana nao. Na wapo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba mkamwana wangu alinishika kichwa mbele za watu. Hilo la mwisho ni kweli. Mengine someni wenyewe. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu ya ng'ombe, kwa hiyo atakayekuta herufi imekosewa airuke aendelee, hata mimi nimeruka nyingi.

Habari za pasi na makaratasi siandiki. Sijaona mtu anayezisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza mjue habari ya jicho. La kushoto lilikufa zamani, kipande cha jiwe kiliniingia nilipokuwa naponda mawe ya dhahabu pale Nyangoto. Likabaki la kulia, nalo kioo chake cha mbele kikaanza kuwa cheupe kama chupa iliyolala na maziwa. Daktari akasema kioo cha namna hiyo hutolewa, kikawekwa cha mtu aliyekufa, na India wamezoea kazi hiyo. Akasema pia kwamba kikiwekwa halafu kikaharibika, kwa jinsi jicho langu lilivyo, hakutakuwa na mara ya pili. Kwa hiyo nilikuwa na jicho moja na nafasi moja.

Pili mjue habari ya Rhobi. Ni mke wa mwanangu Chacha, ni muuguzi, wanakaa Mugumu upande wa Manchira, karibu na wazazi wake. Chacha anaendesha watalii na mwajiri wake alimkatalia ruhusa. Mke wangu Ghati mguu wake haumfikishi hata kisimani. Rhobi ndiye anayejua Kiingereza, ndiye anayejua dawa. Ikawa ndiye.

Ninyi wa hapa mnajua, ila karatasi hii inaweza kumfikia mtu wa mbali, basi nieleze. Kwetu Wakurya baba mkwe na mkamwana hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Hakuna ugomvi hapo. Ni ensoni, ni heshima, na ndiyo inayofanya watu wa boma moja wakae miaka mingi bila maneno. Sasa jicho langu lilitakiwa litiwe matone mara nyingi kwa siku, na mtu hawezi kukutia matone bila kukushika kichwa na kukufungua kope. Aliyepanga safari hii hakuyaweka hayo mawili pamoja akayafikiria. Aliyepanga ni mimi.

Kutoka Kerende mpaka Mwanza

Nilimpitia Rhobi Mugumu, tukapanda basi la Mwanza. Yeye alikaa mbele karibu na dereva, mimi nyuma karibu na magunia ya mtu. Baada ya kuipita Nata basi likasimama, tukadhani ni pancha. Walikuwa tembo. Walisimama barabarani wakiwa wengi, hawaendi mbele wala nyuma. Dereva akazima injini akatoa muhogo wa kuchoma akala. Mzee mmoja wa Ikoma aliyekuwa pembeni yangu akasema ukipiga honi wanakumbuka, mwaka mwingine wanalitafuta gari lako. Sijui kama ni kweli, lakini dereva hakupiga.

Wakati huo ukafika muda wa matone, maana hata kabla ya upasuaji nilikuwa na dawa za kuanzia. Rhobi akaja na kichupa mpaka katikati ya basi, akasimama akaangalia huku na huku. Akampata mama aliyepakata kuku, akamnong'oneza. Yule mama akamshikisha mwenzake kuku, akaja akanitia matone. Hakuuliza neno. Akasema tu kwamba na yeye ana wakwe. Nikaona basi, kumbe si vigumu, kila tutakapofika tutampata mtu. Sikujua kwamba huko mbele watu hawana wakwe wa namna yetu.

Angani

Kwenye ndege ya kwenda India walitupa viti viwili vinavyogusana. Mkono wa kiti ni mmoja, mnagawana. Rhobi alisimama, mimi nikasimama, watu nyuma yetu nao wakasimama. Dada wa ndege akaja akitabasamu, anatuonyesha viti kana kwamba hatuvioni. Rhobi akamweleza. Yule dada akaelewa kwamba tumegombana. Akamletea Rhobi maji, akanishika bega akaniambia maneno ya kunituliza ambayo sikuyaelewa.

Kiti cha tatu, cha dirishani, kilikuwa na mfanyabiashara wa vitenge wa Dar es Salaam, mtu mkubwa. Tukamwomba aje katikati. Akasema amekipata kile cha dirishani kwa shida. Nikamwambia aone huruma, nina jicho moja. Akaniuliza jicho na kiti vinahusianaje, nikamweleza tangu mwanzo, na nilipofika kwenye kope akahama ili ninyamaze. Huyo ndiye tuliyemwita mtu wa katikati. Alikula chakula chake, akala mkate wangu, akalala akiwa ameniegemea mimi, na kila alipoamshwa alinitia matone bila kufumbua macho yake vizuri. Moja liliingia puani.

Tulibadilisha ndege kwenye mji mmoja wa Waarabu. Watu wawili wema wa ndege ya pili walipoona baba na binti wametengana, wakahama wote wawili kwa hiari ili tukae pamoja. Tukawashukuru, tukaanza upya.

Delhi

Upasuaji wenyewe sina la kusema, nililala. Walipofungua bandeji niliona kidole, halafu nikaona kwamba kidole kina kucha. Yule aliyekufa akaniachia kioo chake simjui hata jina. Watu wa kule wakiniuliza naionaje India, nilikuwa nawaambia naiona kwa kioo chao wenyewe, ikiwa na ubaya si wangu.

Tulipanga kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali. Chumba changu na chumba cha Rhobi viko kwenye ujia mmoja, na ujia una benchi moja. Nikiwa benchi, yeye hatoki. Akiwa benchi, mimi sitoki. Matone alinitia mlinzi wa mlango, akanitia mama wa kufua, akanitia muuza chai wa nje ambaye lazima kwanza anipulizie usoni, sijui kwa nini. Rhobi alisimama mbali hatua kadhaa, mikono nyuma, akiwaelekeza kwa Kiingereza. Watu wa mtaa walidhani ni daktari mkubwa anafundisha wanafunzi. Baada ya siku chache wakaanza kumletea watoto wenye macho mekundu.

Wiki zikapita. Ikaja sikukuu yao kubwa, wanaiita ya rangi, hospitali ikasema kipimo cha mwisho turudi baada ya sikukuu. Mimi nikasema siwezi kukaa kwenye ujia ule tena. Rhobi naye, nadhani, alikuwa amechoka kuchungulia mlango. Alisema tangu akiwa shuleni ametamani kuona lile kaburi jeupe la Agra. Daktari akakubali, kwa masharti: miwani nyeusi wakati wote, vumbi hapana, maji hapana, na siku yenyewe ya rangi nikae ndani. Rhobi alinirudishia maneno hayo akiwa ameangalia ukuta, akarudia, akarudia tena.

Tulipata dereva, Suresh, kijana mpole mwenye gari dogo jeupe. Kabla ya kutoka mjini akatuonyesha ngome nyekundu ya wafalme wao wa zamani, ukuta mrefu kiasi kwamba unaweza kuficha ndani yake ng'ombe wa Tarime yote. Nazungumzia ng'ombe kwa sababu karibu na hapo tulikutana na mmoja katikati ya barabara, jike, hana mchungaji. Magari yanamzunguka. Nikauliza wa nani. Suresh akasema si wa mtu. Ninyi mnanijua. Mtu anakwambia ng'ombe mzima, mwenye pembe nzuri, si wa mtu. Nikashuka, nikampigia mluzi wa kwetu. Akanigeukia, akanifuata. Nilimpeleka mpaka kwenye kivuli nikitafuta pa kumfungia, watu wakanishangilia, mmoja akaniwekea ua mfukoni. Suresh akaja mbio akamweleza Rhobi kwamba huyo ng'ombe haendi popote. Nikamwacha. Usiku huo nilimfikiria.

Agra, kwenye kaburi la mke wa mfalme

Njiani tulikula chapati na viazi, mchana chapati na dengu, jioni chapati na kitu cheupe nilichodhani ni mafuta ya kondoo, kumbe ni maziwa yaliyogandishwa. Nyama hakuna. Niliuliza kwa adabu, Suresh akasema huku tunakokwenda hata yai nisiliulize.

Lile kaburi mmeliona kwenye kalenda. Ni kweli liko hivyo. Mfalme alifiwa na mke akamjengea nyumba ya mawe meupe, imechongwa maua ambayo hayanyauki. Nilisimama nikiwa na jicho langu jipya, nikaona kila ua. Halafu Suresh akatupeleka kwenye ngome nyingine, akatuonyesha dirisha la chumba ambamo mfalme huyo alifungwa na mwanawe mwenyewe, akazeeka hapo akilitazama kaburi la mkewe kwa mbali. Niliona mambo ya kifalme si tofauti sana na ya kwetu Nyamongo, ni mawe tu yamezidi.

Pale kaburini kuna benchi la marumaru ambalo kila mtu lazima apigwe picha amekaa. Mpiga picha akatushika mimi na Rhobi, anatusukuma, sogea, sogea, binti na baba. Rhobi akaruka kama ameguswa na moto. Nyuma yetu wamepanga foleni. Mwisho Rhobi akamwomba mama mmoja mgeni, mnene, amevaa sari ya njano, akae kati yetu. Akakubali akafurahi sana, akatushika mikono wote wawili. Picha hiyo iko ukutani kwangu. Ghati ameuliza mara nyingi yule mwanamke ni nani, na mimi jina lake silijui, na hilo ndilo Ghati haamini.

Mathura, siku ya rangi

Suresh ni mtu wa Mathura, mji wa zamani ulio mtoni, wenye mahekalu mengi na nyani wanaoiba miwani. Sikukuu yote anakuwa kwao, akatuomba twende tukalale kwa baba yake. Baba yake anaitwa Girdhari, mzee wa rika langu, masikio makubwa, maneno machache. Tulikaa uani kila mtu kwenye kitanda chake cha kamba, tukawa tunatazamana kwa kuridhika.

Asubuhi ya sikukuu niliona jambo lililonifanya nijisikie nyumbani. Mke wa Suresh alitoka jikoni. Kumwona tu baba mkwe wake, akavuta kitambaa akafunika uso wote mpaka kidevuni. Akapiga magoti, akaweka unga wa rangi kidogo kwenye vidole vya miguu ya mzee, akarudi nyuma bila kuinua kichwa. Girdhari aliangalia pembeni. Nilimtazama Rhobi, yaani nilitazama upande aliokuwa, nikaona na yeye ameona.

Kisha vijana wakatoka. Rhobi akaingia chumbani kuandaa dawa, akaniachia maneno kwamba nisivuke mlango. Nikakaa nyuma ya mlango na miwani yangu na bilauri ya mtindi wao wa sukari.

Ngoma zikaanza mbali, zikasogea. Nikachungulia. Kumbe ni vijana, wengi, wamepakwa usoni na kichwani, nyekundu, kijani, wengine weupe kabisa kama unga, wamevaa nguo zilizochanika, mmoja amevaa gauni, wanaimba, wanaruka, na katikati wamembeba mmoja mabegani. Jamani, ninyi mngesema ni nini? Ni esaro. Ni kijana ametoka kutahiriwa anasindikizwa nyumbani. Kila kitu kilikuwepo, filimbi zilikuwepo, hata wajinga wa kuvaa nguo za kike walikuwepo. Nikashangaa kwamba Suresh amesema sikukuu ya rangi tu, hakusema kuna mtoto.

Na esaro ikipita mbele ya boma, mzee hajifichi ndani. Akijificha watu watasema ana kinyongo na yule mtoto, na kidonda kikichelewa kupona watajua ni kwa sababu ya nani. Mimi ni mgeni, nimekula kwao, nimelala kwao. Daktari alikataza rangi lakini hakujua kama kutakuwa na esaro, angejua angesema. Nikatoka. Na kwa sababu mzee habariki mtu akiwa ameficha macho, nikavua miwani. Nikajaza mtindi mdomoni, nikasogea mpaka kwa yule aliyebebwa, nikampulizia kifuani kama tunavyofanya, fuu, nikimwambia kwa Kikurya apone haraka, aoe, apate ng'ombe.

Halafu mtaa mzima ukapiga kelele za furaha. Mzee mgeni ameanza kuwarushia, tena kwa mdomo. Wakanijibu.

Sikuona mkono. Niliona wekundu, halafu moto. Kama umesagiwa pilipili ndani ya kichwa. Nikashika ukuta, nikarudi uani nikipapasa, nikakaa kwenye kamba za kitanda. Nilijua nimefanya nini. Sikulia, lakini jicho lililia peke yake.

Suresh akaja mbio, mikono yake bluu mpaka kwenye viwiko. Mkewe akaja, mikono ya kijani. Girdhari akaja, naye walishampata, mwekundu mpaka mabegani. Majirani wakaingia, kila mmoja na rangi yake. Wakakimbilia tangi la maji kunawa, tangi nalo watoto walishalimwagia, maji yanatoka ya zambarau. Ndipo Rhobi akatoka chumbani na chupa ya maji safi ya hospitali, ya kuoshea. Nikamsikia anamwita Suresh amwelekeze, kisha akaghairi.

"Tata," akasema, yaani baba, "mikono yote hapa ina rangi."

Nikamuuliza na yake je.

"Yangu haina."

Hakusogea. Jicho linaungua, na kila nilipopepesa nilihisi unga unakwaruza kile kioo. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Angeweza kukaa pale mpaka nipofuke, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angemlaumu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko moto wenyewe, kwamba anangoja neno, na neno ni langu.

"Nishike, mama."

"Tata…"

"Nishike kichwa. Nimesema mimi."

Akaja. Mkono mmoja ukakaa kwenye paji la uso, kwa ncha za vidole tu, baridi. Wa pili ukafungua kope. Kisha ule wa kwanza ukalala wote, ukawa mkono wa kazi, na maji yakaanza kushuka, taratibu, bila kukoma. Baadaye Suresh alinieleza kwamba baba yake alipoona Rhobi ananiinamia, hakutafsiriwa lolote, aligeuka akatazama ukuta, akawaonyesha wengine kwa kidole nao wageuke. Watu wote wale, wekundu na wa kijani, wakasimama wametazama ukuta. India nzima mzee Girdhari ndiye mtu pekee ambaye sikumweleza.

Moto ukapungua, nikaona mwanga. Halafu nikaona uso. Ulikuwa karibu sana, ukinitazama ndani ya jicho kama mtu anayetafuta sindano kisimani. Ana mwanya. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Rhobi yuko kwetu miaka mingi, amenizalia wajukuu, na mimi sikuwa najua kwamba ana mwanya.

Nikafumba. Akaniachia.

Kurudi

Delhi daktari alinimulika kwa taa muda mrefu. Aliniuliza rangi iliingiaje nikiwa ndani ya nyumba, Rhobi akamjibu kwa kifupi, sikuomba tafsiri. Akasema kioo kimeshika, kina michubuko kidogo itakayopona. Akauliza nani aliosha. Rhobi akasema ni yeye. Daktari akasema ingechelewa kidogo tu tungekuwa na mazungumzo mengine.

Matone ya siku zilizobaki alinitia mlinzi wa mlango. Kwenye ndege tulimpata mtu mwingine wa katikati, mwanafunzi, hakulala.

Nilipofika nyumbani sikungoja maneno yazunguke, nilikwenda mwenyewe kwa mzee Nyamhanga, anayesimamia mambo ya namna hii kwenye ukoo wetu. Nikamwambia yote, hata ya mtindi. Akacheka hayo, kisha akaacha kucheka akaniuliza kama mkamwana alinishika kwa kutaka kwake au kwa kuambiwa, maana kondoo wa kutakasa anatoka kwa mwenye neno. Nikasema neno lilikuwa langu. Akaniuliza kama nina uhakika, maana nikisema ni yeye, kondoo atatoka kwa wazazi wake Manchira na mimi nitabaki msafi. Nikamwambia aniandikie mimi.

Kondoo akachinjwa kwangu. Rhobi na Chacha walikuja kutoka Mugumu. Mzee akachukua majani ya tumboni mwa kondoo, yakiwa ya moto, akanipaka kwenye paji la uso, akaenda upande wa pili wa zizi akampaka Rhobi viganjani. Akasema imekwisha, kaeni kama mlivyokuwa mkikaa. Watu wakala nyama. Mimi nilikula sana, nilikuwa nimetoka kwenye dengu.

Jioni walipokuwa wanaondoka, Rhobi alisimama mbali karibu na lango, ameinamisha kichwa, akaniaga.

"Tata, tunakwenda. Usisahau matone."

Nikamwitikia nikiwa nimeangalia ng'ombe, kama inavyotakiwa. Ila sasa naujua ule uso nisioutazama.